Namba ya Shingoni

Mimi ni fundi mageti, na kuna kitu kimoja nakijua kuwashinda mafundi wenzangu wote: kuficha kiungo. Kuunganisha chuma na chuma anaweza yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Akimaliza anaacha uvimbe pale, anaupaka rangi, anasema kazi imekwisha. Mimi nachomelea, napitisha grenda, napitisha msasa, narudia, mpaka ukipapasa hujui chuma hiki kimeishia wapi na kile kimeanzia wapi. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja. Nayasema mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Tulimwita Ngongoti kwa sababu ya miguu yake mirefu. Alipofika miaka kumi na tatu alishanipita kimo, na ingawa mimi si mrefu, nakubali, hata mama yake aliyenizidi mimi alikuwa akiinua shingo kumsemesha. Alipokua akanunua pikipiki ya kawaida, ile ya injini ndogo iliyojaa kila mtaa, akawa anasambaza vifurushi. Akiikalia, magoti yalikuwa yanagusa usukani. Watu wa kijiweni walimuuliza kama anaiendesha au ameipakata, naye alicheka nao. Jioni alikuwa anakaa uani anajikanda magoti, na hapo hakuwa anacheka.

Ndipo akaja na wazo lake. Alitaka ikatwe shingo, yaani pale mbele ya fremu panaposhika usukani, shingo ilazwe kwa nyuma, na yale mabomba mawili yanayobeba tairi la mbele yarefushwe mpaka tairi likae huko mbali. Vikanyagio navyo visogezwe mbele. Mwendeshaji anakaa chini, ameegemea, miguu kainyoosha. Alikuwa ameziona pichani.

"Pikipiki si kitanda," nikamwambia.

"Na mimi si kiti cha kukunja, baba."

Nilikataa. Nilisema kona zitamshinda. Nilisema askari watamsimamisha kila akiwasha injini. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe ofisi ya ukaguzi, akawauliza kila kitu, akarudi amechangamka. Kumbe inaruhusiwa. Yako masharti ya taa, ya breki, ya vioo, na mkaguzi akiridhika anaandika kwenye kadi ya pikipiki kwamba umbo limebadilishwa.

"Sitaki ya kupigia picha," akasema. "Nataka ya barabarani, yenye kibali. Nipite mbele ya askari nimpungie mkono."

Nikasema tutaona. Nilikuwa hodari sana wa kusema tutaona.

Kisha akaugua ugonjwa wa damu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Siku moja saa ya kuona wagonjwa nilimkuta ameegemea mto, ananisubiri. Alikuwa ameichora pikipiki yake kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka kama ya mtu wa ramani, nyuma ya fomu ya majibu ya vipimo. Ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

"Anza, baba."

"Pona kwanza."

"Wewe anza tu. Mimi nitapona njiani."

"Nimesema pona kwanza."

Niliitoa sauti ile ya kufunga mjadala. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona nikiikata halafu asipone, nitakuwa nimekiri kitu ambacho sikutaka kukikiri. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Hakupona.

Pikipiki ikakaa uani chini ya turubai miezi mitano. Mama yake alikuwa anaifunua kila Jumamosi, anaifuta vumbi, anaifunika. Watu waliendelea kuniita Baba Ngongoti na mimi niliendelea kuitika. Asubuhi moja nikaivua turubai, nikaingia ndani kumwomba mke wangu kadi ya pikipiki, maana mkaguzi angeitaka.

Aliitunza kwenye mkoba wake pamoja na kitana cha mtoto. Vitu vyake vingine tulishavirudisha kulikotakiwa, kitambulisho, kadi ya kazini, hata namba ya simu ilishafungwa. Kadi hii ndiyo ilikuwa karatasi ya mwisho iliyosema yeye ni mwenye kitu duniani. Ilikuwa na mistari ya wamiliki, na kwenye mstari wa kwanza kabisa yalikaa majina yake matatu. Hata siku tukiirithi, sisi tungeandikwa chini yake.

"Itarudi na jina lake?" mke wangu akauliza.

"Itarudi."

"Niapie."

"Mama Ngongoti, nimekwambia itarudi."

Akanipa.

Mchoro niliubandika ukutani karakana, misumari midogo minne, picha kwa mbele. Upande wa majibu ya vipimo uliangalia ukuta, na huko ndiko nilikotaka uangalie.

Nililaza fremu juu ya meza ya chuma, nikaibana, nikavuta uzi kutoka shingoni mpaka tairi la nyuma ili isije ikapinda. Nikakata. Rafiki yangu Mkereza, mtu mrefu mwenye maneno machache, alinitengenezea mabomba marefu ya mbele kwenye mashine yake ya kukerezea. Tukabadilisha bomba la breki tukaweka refu. Vikanyagio vilinisumbua, kwa sababu mchoro haukuwa na vipimo. Mke wangu akaingia ndani, akatoka na suruali ya jinzi ya mtoto. Akaiweka juu ya kiti cha pikipiki kama mtu aliyekaa, akaunyoosha mguu mmoja kwa mbele, akaushikilia kwenye pindo.

"Unyayo ulikuwa unafika hapa," akasema.

Nikaweka alama ya chaki.

Shingo ndiyo niliyoifanya kwa moyo wote. Niliichomelea, nikaongeza vipande vya kuiimarisha, kisha nikashika grenda. Siku tatu nilikuwa pale. Upande wa kulia, chini ya rangi ya zamani, palikuwa na makwaruzo madogo madogo, nikayasawazisha yote bila kuyaangalia mara mbili. Nilipomaliza, shingo ilikuwa nyororo kama yai, utadhani ilizaliwa hivyo. Nikafunga taa, indiketa, vioo viwili. Nikapaka rangi ya bluu kwa sababu kalamu yake ilikuwa ya bluu. Sikuwa na sababu nyingine.

Siku ya ukaguzi aliiendesha Mkereza, kwa kuwa miguu yangu mimi ilikuwa haifiki vikanyagio hata nikijinyoosha vipi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akapima urefu wa taa. Akamwambia Mkereza akimbize, afunge breki, azunguke kushoto, azunguke kulia. Kila alipoandika alama ya vema, kichwa changu kilizidi kuvimba. Kisha akachutama, akavaa miwani, akapangusa shingo ya pikipiki kwa kitambaa.

"Mzee, namba iko wapi?"

"Ipo nyuma, kwenye kibao."

"Ya fremu. Inagongwa hapa shingoni, upande wa kulia. Na kwenye kadi imeandikwa."

"Palikuwa na makwaruzo," nikasema.

"Ndiyo hayo, mzee wangu."

Miaka thelathini na moja ya mageti. Geti halina namba. Nilisimama pale, na mikono hii ninayojisifia nayo sikujua niiweke wapi.

Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Pikipiki isiyo na namba haiwezi kuitwa ile ya kwenye kadi, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Namba ya injini haitoshi, maana injini huhamishwa. Njia zilikuwa mbili. Tubaki na kadi na pikipiki isitoke uani maisha. Au kadi ile ifutwe, pikipiki iandikishwe upya kama chombo kilichoundwa na fundi, namba mpya, kadi mpya, mmiliki aliye hai.

"Na kiungo chenyewe," akaongeza, "umekisugua mpaka hakionekani. Kama kimeshika au hakijashika nitajuaje? Nisichokiona sikipitishi."

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo. Nikamwambia yote nimesimama, bila kukaa. Nilitegemea apige kelele, na nilizitamani. Yeye alimaliza kukunja shati lililokuwa mkononi, akaliweka juu ya mengine, akatoka kwenda karakana. Nikamfuata. Alikuwa anang'oa misumari ya mchoro kwa koleo.

"Kama kadi inakwenda, mwandiko wake nauhamishia kwangu," akasema.

Ukatoka msumari wa nne, akaigeuza karatasi. Pembeni mwa majibu ya vipimo, kwenye nafasi nyeupe, palijaa maandishi madogo ya bluu. Alisoma kwa sauti, na sauti yake haikutetemeka mpaka karibu na mwisho.

"Taa isizidi kifua changu. Vioo viwili. Bomba la breki liwe refu. Baba, shingoni kulia kuna namba, usiisugue, wataninyima kibali. Nakujua mkono wako. Kiungo kiache kionekane tu, mimi sikionei aibu."

Akaniangalia. "Hukuwahi kuigeuza?"

"Upande huu una majibu."

"Najua una nini. Daktari alipoyasoma mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa nje, ulisema unalinda pikipiki isiibiwe."

Nilikaa kwenye sakafu ya karakana, kwenye vumbi la chuma, nikalia. Msibani sikulia, nilipanga viti. Makaburini sikulia, niliwaelekeza watu mahali pa kuegesha magari. Nilikuwa nimesugua kila kitu mpaka watu wakasema Baba Ngongoti ana moyo mgumu, na nikafurahi kusikia. Sasa nililia kwa sauti mchana kweupe, mlango wa karakana uko wazi, wapita njia wanaona. Mke wangu alikaa kando yangu na ile karatasi mapajani.

Tulipotulia akasema, "Mpelekee yule mama kadi."

"Nilikuahidi jina lake."

"Mimi uliniahidi. Yeye ulimwahidi nini?"

Nikatafuta. "Hakuna," nikasema.

"Basi mpelekee. Mtoto alitaka iende barabarani."

Niliondoa rangi ya shingo, nikakata, nikachomelea upya, tone juu ya tone, mstari mmoja mnene unaozunguka. Grenda niliifungia kwenye sanduku nikampa mke wangu ufunguo, maana sikujiamini. Kiungo kikabaki kimetokeza. Kila nilipopita pale vidole viliniwasha.

Mkaguzi safari hii alikipapasa kote, akagonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. "Hiki nakiona," akasema. Akaniletea kisanduku cha vyuma vya kugongea, kila kimoja na tarakimu au herufi yake, nikaigonga namba mpya mwenyewe, moja baada ya nyingine, yeye akiangalia.

Dirishani karani akaniuliza jina la mmiliki. Nikataja majina matatu ya binti yangu. Midomo ilijitajia yenyewe.

"Yupo atie saini?"

"Andika la baba yake," mke wangu akasema nyuma yangu.

Karani akaichukua kadi ya zamani, akaitia kwenye mashine ya kutobolea, akabonyeza. Tundu likapita kwenye jina lake la kwanza. Mke wangu akaomba apewe kadi hiyo, na karani, baada ya kututazama, akampa.

Hatukuweza kupanda wote, kwa kuwa kiti ni cha mtu mmoja. Mkereza akatangulia na pikipiki, sisi tukabaki kwenye kona ya ofisi kumwangalia. Njia panda palikuwa na askari. Lile tairi la mbele lilitokea kwanza, halafu mabomba marefu, halafu Mkereza mwenyewe ameegemea, kanyoosha miguu mpaka kwenye alama yetu ya chaki. Askari akamsimamisha. Akaitazama pikipiki juu mpaka chini, akasoma kadi, akaizunguka, akainama shingoni pale. Kisha akarudisha kadi, akatoa njia. Mkereza akampungia mkono. Mimi sikumwambia ampungie, ni mke wangu aliyemwambia.

Mke wangu alikuwa ameishika kadi iliyotobolewa, kidole gumba kimeziba tundu.

"Amepita," akasema.

Ile fomu ya hospitali ina tarehe. Niliisoma usiku wa ile siku tulipoigeuza, na tangu hapo nimeisoma mara nyingi. Kuanzia siku aliyonipa mchoro mpaka siku tuliyomzika ni wiki kumi na moja. Kazi yote, pamoja na kosa langu na kulirekebisha, ilichukua wiki tisa. Ningeanza aliponiambia nianze, angeletewa kiti akakaa mlangoni mwa karakana, angeniona nimeshika grenda naelekea shingoni, angenipigia kelele. Wiki mbili zingebaki. Katika wiki mbili mtu anaweza kupita njia panda ile mara nyingi sana.