Machela Kumi na Moja

Kwenye karatasi, wagonjwa kumi na mmoja wasioweza kuinuka kitandani walikuwa wanatolewa mji wa Kuromisaki, ajali ikitokea, kwa saa mbili na dakika arobaini. Karatasi haina theluji, haina kona, na haijikojolei njiani. Chizuru Kadowaki, nesi mkuu wa nyumba ya wazee iliyo kilomita tatu kutoka kwenye kinu cha nyuklia, aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Nani aliipima hii safari, Bwana Mkurugenzi?"

"Ni makadirio." Mkurugenzi Ubukata alikuwa anamenya chenza. "Siku ya zoezi la kuwahamisha, vijana kumi na mmoja wa ofisi ya mji watalala kwenye machela. Wepesi, wazima, wanapanda basi wenyewe. Tunamaliza, gavana anatia saini, kinu kinawashwa. Dada, usinitolee macho."

Kinu kilikuwa kimezimwa miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imebaki na watoto tisa. Moriaki Hatakeda alikuwa na nyumba ya wageni ya vitanda arobaini, iliyojengwa kwa ajili ya mafundi wa kinu, na kila Jumatatu alibadilisha shuka zote ili tu zisiote ukungu. Mji ulikuwa unakufa, hilo Chizuru hakulibishia. Lakini barabara ya kutokea ilikuwa moja, imebanwa kati ya mlima na bahari. Mwaka wa ajali ile ya kinu cha kaskazini alikuwa nesi kijana hospitalini huko. Alikaa na wagonjwa wake ndani ya basi tangu asubuhi hadi giza, na walipofika, watatu hawakuhitaji tena kushushwa taratibu.

Fomu ya ridhaa ilizungushwa kwa ubao wa mtaa, kama matangazo yote ya Kuromisaki. Unaupokea mlangoni kwa jirani, unagonga muhuri wako chini ya wake, unaupeleka nyumba inayofuata kabla ya jua kuzama. Hakuna anayesoma. Unatazama tu nani amegonga kabla yako, maana kuacha nafasi tupu katikati ya mihuri ya majirani ni kama kutoka uchi. Safari hii ubao uliziuliza familia zenye wagonjwa: je, mgonjwa wenu anaweza kushiriki zoezi la kuhamishwa? Zote kumi na moja ziligonga penye ndiyo. Moriaki alikuwa wa nne, muhuri mwekundu, umenyooka vizuri, kwa niaba ya baba yake Genzaburo, miaka themanini na tisa, mapafu yamechakaa kama kitambaa cha jikoni.

Chizuru alitoa nakala ya ukurasa huo, akaikunja, akaitia mfukoni.

Asubuhi ya zoezi, mwezi wa pili, vijana wa ofisi walifika na helmeti zao za kijani wakakuta mabasi yamejaa. Machela kumi na moja, na wagonjwa wenyewe juu yake.

"Sisi tukae wapi, nesi?" aliuliza mmoja.

"Sukumeni mabasi yakikwama."

Genzaburo alikuwa wa mwisho kupakiwa. Alimshika Chizuru mkono.

"Tunaenda wapi, binti?"

"Mazoezini, babu."

"Nje baridi?"

"Kali."

"Basi mimi niache mpaka maua yachanue." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Zege la kile kinu nilimwaga mimi, unajua? Hakiwezi kuniumiza."

Chizuru alimtazama kucha zake, za bluu tayari. Alijua ni nani kati ya wale kumi na mmoja hataivumilia safari. Alimfunga mkanda.

Lori liliteleza kwenye kona ya tatu, likaziba njia. Mabasi yalisimama. Theluji ilipanda hadi nusu ya magurudumu, mitungi ya oksijeni ikabadilishwa mara mbili, na mpiga picha wa televisheni, aliyeletwa kupiga picha za mafanikio, akapiga alichokiona. Walifika baada ya saa tisa na dakika kumi na mbili. Siku ya nne Genzaburo alikufa kwa nimonia. Siku ya sita gavana aliahirisha saini, bila kutaja hadi lini.

Mkutano ulipoitishwa, mji mzima uliketi sakafuni katika ukumbi wa shule, viatu vimepangwa mlangoni. Ubukata aliinama kwanza kuomba radhi, mgongo sawa na meza. Kwa kiwiko alimgusa Chizuru.

"Inama," alinong'ona. "Sekunde kumi tu. Hakuna anayekuuliza kama unamaanisha."

Chizuru alibaki wima. Minong'ono ikapanda.

"Tazama shingo hiyo!" alisema mama mwenye duka la samaki. "Ya chuma! Mwenzetu anakula mshahara hata mji ukifa."

Moriaki alisimama na soksi zake nyeusi za msiba. "Ulimuua baba yangu ili ushinde ubishi."

"Ulitoa ridhaa." Chizuru alifungua ile nakala. "Wa nne kutoka juu."

"Huo ni muhuri tu! Watatu walikuwa wameshagonga, ningefanyaje? Kila mtu alijua wataenda vijana!"

"Kwa nini vijana, Bwana Hatakeda?"

Moriaki alimgeukia Ubukata.

"Useme basi," alisema Chizuru. "Kwa sababu ulijua mzee hawezi kufika. Ukakubali kinu kiwashwe hivyo hivyo."

"Na wewe je? Ulijua atakufa?"

Ubukata, bado ameinama, aligeuza kichwa.

"Nilijua," alisema Chizuru.

Mwanamke mmoja alianza kulia. "Piga magoti," alisema Moriaki. "Nenda mbele ya picha ya baba yangu, upige magoti, uombe radhi."

"Hapana. Mkiitisha zoezi lingine, nitawapakia wale kumi waliobaki. Siombi radhi."