Milango Aliyoichomelea

Viti vilikuwa vimejaa, hivyo Fundi alisikiliza ndoa yake ikivunjwa akiwa amesimama, mgongo ukutani. Hakimu alisoma haraka haraka kama mtu anayewahi chakula. Kiwanja ni cha mama wa mwanamume. Nyumba inafuata kiwanja. Mwanamke achukue vitu vyake binafsi, basi.

"Mheshimiwa, kila mlango wa nyumba ile nimeuchomelea mwenyewe. Madirisha pia," Fundi alisema. "Hata geti la makao ya watoto, ustawi wa jamii walinipa mimi kazi. Waulize."

"Mama, hilo umeshasema."

"Na mwanangu?"

Hakimu alimgeukia afisa ustawi, bwana mmoja mpole wa sauti, aliyekuwa ameshakagua pande zote mbili.

"Mama analala karakanani, mheshimiwa, katikati ya mitungi ya gesi. Kwa baba kuna milango ya chuma na madirisha yenye nondo. Mtoto anahitaji mahali salama."

Kibibi, wa miaka saba, akapewa baba. Mama mkwe alicheka kwa pua. Mwanawe, mume wa Fundi, alikuwa anachezea simu. Chuki ilimpanda Fundi hadi kooni, na wala hakujaribu kuimeza.

Kwenye korido alimsimamisha karani. "Samahani, kaka. Vitu binafsi ndiyo vipi?"

"Vile vya kwako, mama. Ulivyonunua, ulivyotengeneza. Vinavyobebeka."

"Vinavyobebeka. Asante."

Jumatatu asubuhi, mtoto yuko shule, mume yuko kazini na mama mkwe kaenda sokoni, Fundi alifika na mkokoteni. Ufunguo alikuwa nao bado. Alichomeka grainda kwenye soketi ya sebuleni, akakata milango na madirisha kwa umeme wa mama mkwe, cheche zikirukia makochi. Wala hakuyafunika.

"Shoga, unahama?" jirani aliuliza juu ya ukuta.

"Nilishahamishwa. Nachukua vitu vyangu binafsi."

Jirani alicheka mpaka akajishika kiuno. Fundi naye alicheka. Kufika mchana nyumba ilikuwa mashimo matupu, mtu wa barabarani anaona hadi kitanda cha mumewe. Roho yake ilikuwa kwatu. Akampigia simu afisa ustawi. "Bwana afisa, kakague tena nyumba ile."

Jioni walikutana wote uani, Kibibi naye ametoka shule. Mume alifoka. "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nimechukua nguo zangu."

"Sasa tutalalaje?" mama mkwe alilia.

"Mtalala kama ninavyolala mimi, mama."

Afisa alizunguka nyumba yote, kisha akaandika. "Hapa hapafai kwa mtoto."

Fundi alishamnyooshea Kibibi mkono.

"Na kwako pia hapafai, mama. Ni palepale kwenye mitungi ya gesi. Tena sasa wewe ndiye uliyebomoa makazi yake."

"Hiyo milango naifunga karakanani usiku huu huu!"

"Atakaa makao ya watoto mpaka shauri lisikilizwe upya."

"Lini?"

"Mtaitwa."

Gari la ofisi lilitangulia na Kibibi. Fundi alilifuata kwa miguu, mfuko wa zana begani, na alipofika makao ya watoto walikuwa wameshafunga geti. Alilijua geti lile. Walikuwa wamemwambia wanataka geti ambalo mtu halipandi wala hafikii komeo lake akiwa nje, naye akapima kwa mkono wake mwenyewe, akasogeza komeo mbali hadi vidole vyake vikashindwa kuligusa. Walimsifu sana siku ile. Sasa alipenyeza mkono hadi bega likakwama, vidole vikahangaika hewani.

Kibibi alikuja mbio, begi la shule bado mgongoni.

"Mama, si umelitengeneza wewe? Lifungue."

Grainda ilikuwa kwenye mfuko wa zana, na jiwe jipya la kukatia. Soketi ilikuwa ndani, kwenye kibanda cha mlinzi.