Nyanya Zilizotakiwa Kufa

Mche uutesavyo ndivyo ukuavyo. Najua methali yenyewe inamsema mtoto na malezi, lakini aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi kwenye banda letu la nyanya, hapa kituo cha utafiti. Kwetu, mche ukishatoa jani la nne tunaung'oa, tunapunguza ncha za mizizi kwa mkasi, tunaichovya kwenye maji yenye kuvu inayoleta ugonjwa wa mnyauko, kisha tunaurudisha ardhini na kuutakia maisha mema. Ukifa, ndiyo imetoka. Ukipona, tunachukua mbegu zake, na watoto wake nao tunawatesa vilevile.

Nimefanya ukatili huo misimu saba. Nilianza na nyanya ya uani kwa bibi yangu, ndogo kama gololi, chachu ya kukunja uso, lakini haikunyauka hata mwaka ule ugonjwa ulipofagia mashamba ya majirani wote. Nikachukua chavua yake nikaipaka kwenye ua la nyanya kubwa tamu, ile ambayo ugonjwa ukikohoa tu, yenyewe inakata roho. Watoto wao nikawachuja na kuwachuja, mpaka nikapata mmoja mwenye mwili wa mama na ukaidi wa baba. Nikamwita Mbishi.

Alhamisi ilikuwa siku ya Mbishi. Kamati ya mbegu ilikuwa inakuja kuamua jambo moja: ama Mbishi aende kujaribiwa kwenye mashamba ya wakulima, ama kazi yangu ifungwe na banda wapewe watu wa maua. Sikuwa na wasiwasi. Kila baada ya mistari miwili ya Mbishi nilikuwa nimepanda mstari mmoja wa ile nyanya laini, mama yake, kwenye udongo uleule, kwa kuvu ileile. Nyanya laini ina kazi moja tu hapo, nayo ni kufa. Isipokufa, nani atajua kama ugonjwa ulikuwepo? Na ilikuwa imekufa vizuri, nyie. Miche arobaini, majani ya njano, vichwa chini kama wanafunzi walioulizwa swali la hesabu.

Asubuhi ile nikachovya viatu kwenye beseni la dawa mlangoni, nikafungua banda, nikakuta kila kitu kijani. Mistari ya kufa ilikuwa imesimama wima, na maua juu.

Katikati yake alisimama mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye mtunza bustani wa kituo. Alikuwa ameshika kiuno, anaikagua kazi yake kama fundi cherehani aliyemaliza gauni la bibi harusi.

"Usinishukuru," akasema.

"Mama mdogo, umefanya nini?"

"Mkuu wa kituo alipita jana jioni. Akasema wageni wasikute maiti, nitoe vilivyokufa, papendeze. Mimi nikaona mwanangu ataaibika na mashimo matupu, nikaleta miche kutoka kitalu cha nje. Arobaini kamili. Mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Ile ilitakiwa kufa."

"Nani anapanda kitu ili kife?"

"Mimi."

"Hivi dada yangu alikuwa anakula nini mimba yako ilipokuwa changa?"

"Maiti ziko wapi?"

"Kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi. Zinachomwa saa nne."

Ilikuwa saa tatu na nusu, na gari la kamati lilikuwa linaingia getini.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene, mtu aliyezeekea kwenye magonjwa ya mimea. Mkuu wa kituo alimwongoza bandani, tai imekaza shingo, akinyoosha mkono kila upande kama anauza nyumba.

"Panapendeza," Mwenyekiti akasema. "Ugonjwa uko wapi?"

Mkuu akacheka. "Hapa kwetu hakuna ugonjwa, Mwenyekiti."

"Basi tumekuja kuangalia nini?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Binti, mimi nimeitwa msibani, naona harusi. Mbishi wako amebishana na nani humu?"

Nikafungua mdomo, lakini Mkuu akawahi kusema chai imeshaandaliwa kwenye chumba cha mikutano. Wakatoka. Nikang'oa Mbishi watano, roho ikiniuma, nikawaweka kwenye ndoo.

"Toroli," nikamwambia mama mdogo.

"Nilijua tu mgongo huu haupumziki leo."

Tulizipata maiti zote shimoni kabla moto haujawashwa, kila moja na kibati chake cha namba kilichofungwa shinani. Tukasukuma toroli mpaka ndani ya chumba cha mikutano. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nikaimwaga miche juu yake, udongo na yote, nikachomoa kisu.

Nikapasua shina la kwanza. Ndani kulikuwa na mstari wa kahawia kutoka mzizini mpaka juu, njia ya maji iliyozibwa na kuvu. La pili vilevile. La tatu. Kisha nikampasua Mbishi, na ndani alikuwa mweupe kama nazi.

"Hawa walilala kitanda kimoja," nikasema. "Namba hizi zimo kwenye daftari hili la upandaji."

"Nani aliwang'oa?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi," mama mdogo akajibu. "Kwa agizo la Mkuu. Ila ile ya kupanda vingine ilikuwa akili yangu mwenyewe, msimwonee."

Mwenyekiti akapasua mashina mengine kumi kwa mkono wake, akalinganisha vibati na daftari, akafuta miwani. "Mbishi anaenda mashambani," akasema. "Na ninyi siku nyingine msizike kabla daktari hajauona mwili."

Mchana, gari lao likiwa limeshaondoka, Mkuu akaniita ofisini. Mama mdogo akanifuata bila kuitwa.

"Umenidhalilisha mbele ya kamati," Mkuu akasema. "Umemwaga udongo wa ugonjwa kwenye meza ya chai. Nataka barua ya kuomba radhi kabla ya saa tisa. Usipoandika, Mbishi atapelekwa mashambani na mtu mwingine, na wewe utahamia kwenye maua."

Mama mdogo akanifinya kiunoni. "Andika, mwanangu. Karatasi haiumi."

Nilimfikiria Mbishi mikononi mwa mtu asiyejua nyanya gani inatakiwa kufa.

"Sakafu nimeshaipiga deki kwa dawa," nikamwambia Mkuu. "Kitambaa nimekiloweka, nitakifua na kukipiga pasi mwenyewe. Lakini ukinipa toroli kesho, nitafanya vilevile. Barua siandiki. Siombi radhi."