Wino Mwepesi wa Kumlilia Rais Malonu

Kila asubuhi, kabla simu za ofisi ya mji wa Hamasaki hazijaanza kulia, Minori Kusakabe alishuka uani na bendera mikononi na kuipandisha taratibu. Hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo, kwa kuwa bendera haimwulizi mtu maswali. Asubuhi moja bendera ilikuwa imeshafika juu, kamba bado anaishikilia, dirisha la ghorofani likafunguliwa kwa kishindo.

"Nusu, Minori! Ishushe nusu!" Meya Sugimori alipaza sauti huku mdomo umejaa povu la dawa ya meno. "Rais Malonu amefariki!"

Kamba ikamponyoka. Bendera ikateremka mpaka karibu na kichwa chake.

"Nusu nimesema, si robo!"

Akaivuta tena juu, akaiteremsha nusu mlingoti kama ilivyotakiwa, akaifunga. 

Rais Malonu alikuwa wa Visiwa vya Lotumea, mbali huko kusini, ambako wavuvi wa Hamasaki walifuata jodari tangu enzi za babu zao. Alikuja mara moja tu, Minori alipokuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na tangu siku hiyo akawa anautaja mji ule katika hotuba zake kana kwamba amezaliwa hapo. Sasa serikali kuu ilikuwa imetuma rambirambi, mkoa nao umetuma, na zote zilisema vilevile: tumepokea kwa majonzi makubwa. Balozi wa Lotumea alipiga simu kusema kwamba atakuja Hamasaki yeye mwenyewe.

Wakaandaa meza ukumbini: kitambaa cheupe, picha ya Rais akicheka, maua meupe, na kitabu cha kuomboleza. Kalamu zilikuwepo, lakini Bibi Tokuko, aliyewafundisha nusu ya mji kuandika kwa brashi, aliziondoa zote.

"Msibani tunaandika kwa wino mwepesi," alisema, akiongeza maji kwenye kidau cha wino. "Mzito mtauweka wa harusi."

"Mwalimu, wangu hauonekani kabisa," muuza tofu alilalamika.

"Hata ulipokuwa shuleni mwandiko wako haukuonekana."

Watu walipanga foleni na nguo zao nyeusi. Kila mmoja aliinama mbele ya picha, akaandika jina na anwani, basi, kama ifanyikavyo kwenye misiba yote ya pale.

"Anwani ya nini sasa?" mke wa mvuvi alinong'ona. "Wakijua ninapokaa watalazimika kuniletea taulo la shukrani, kama desturi yetu ya msiba."

"Mji mzima huu?" jirani yake akadakia. "Nchi ya watu itafilisika kwa taulo!"

"Mimi wanipe nazi tu, nitatosheka."

Wakacheka, wakakumbuka wako wapi, wakajifunika midomo. Halafu, kama kawaida, mazungumzo yakaangukia siku ile Rais alipopotea.

"Nilimtafuta mpaka vyooni!" Meya alisema, macho yakimlengalenga kwa kicheko. "Watoto wamepangwa, bendi inapiga, mgeni wa taifa hayupo! Halafu huyooo, anatokea ukumbini na maua mkononi, anatabasamu. Mpaka leo sijui alikuwa wapi."

Minori alikuwa akipanga maua. Masikio yalimwaka moto. Yeye alijua.

Ni yeye aliyechaguliwa kumpa Rais maua siku hiyo. Alipouona umati, miguu ilimgoma, akakimbilia nyuma ya pazia la jukwaa na shada lake. Mara pazia likasogea, akaingia mtu mkubwa mwenye suti, akapiga magoti. Hawakuwa na lugha moja. Yule mtu alimwonyesha umati kule nje, kisha akajigonga kifuani kwa ngumi, haraka haraka, du-du-du-du, na kukodoa macho. Minori akacheka. Wakakaa pamoja sakafuni mpaka moyo wa kila mmoja ukatulia, Minori akampa shada. Hakumwambia mtu. Chuoni alisoma Kiingereza kwa sababu moja tu, ili siku Rais akirudi amwambie asante. Sasa hangerudi.

Balozi Fetuli alifika na suti nyeusi na shada la simbi shingoni. Meya alisoma hotuba ya majonzi makubwa, Minori akaitafsiri kwa sauti iliyosikika na maua peke yake. Kisha Balozi akafungua kitabu. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Tabasamu likamwondoka polepole. Akatoa kalamu mfukoni.

"Naona wino umewaishia," alisema kwa upole. "Chukueni hii. Garini nina nyingine."

Minori alitafsiri.

"Mwambie tunashukuru sana!" Meya alisema, akaipokea kalamu kwa mikono miwili huku akiinama.

"Unashukuru nini wewe?" Bibi Tokuko alimfokea chini chini. "Wino upo tele!"

"Mwalimu, mgeni hakosolewi."

Balozi alipitisha kidole juu ya majina yale ya kijivu. "Na ni majina matupu," alisema, kama anayejisemea. "Aliwapenda sana watu hawa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno juu yake?"

"Anasemaje?" Meya akauliza. "Tafsiri basi."

Minori hakutafsiri. Balozi alikuwa anafunga kitabu. Akikifunga hivyo, ataondoka akiamini kwamba Hamasaki haikulia. Moyo ulimgonga du-du-du-du, na safari hii pazia halikuwepo.

"Mheshimiwa, usikifunge," alisema kwa Kiingereza. "Wino haujaisha. Wa msiba huwa mwepesi, kwa sababu machozi yamedondokea ndani yake. Hatuandiki maneno. Wino ndio unaosema."

Balozi alikifungua tena. Alitazama ukurasa muda mrefu, akaweka kiganja juu yake kama anayeangalia iwapo umelowa.

"Na mimi ninalo neno," Minori akaendelea. Sasa alisema kwa lugha ya nyumbani ili wote wasikie, kisha akarudia kwa Kiingereza, akajigonga kifuani jinsi alivyoonyeshwa, akawasimulia habari ya pazia na ya asante ambayo hakuwahi kuitoa.

"Kumbe mlikuwa nyuma ya pazia!" Meya akaruka. "Na mimi nahangaika vyooni!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Balozi alicheka kuliko wote, huku akijifuta macho.

"Alitetemeka kabla ya kila hotuba," alisema. "Tulidhani ni siri yetu sisi wa karibu."

Bibi Tokuko alimsukuma Minori taratibu mgongoni. "Haya, mwanangu. Mwenyewe yule pale."

Minori akaigeukia picha, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akainuka.

"Asante, Rais Malonu," alisema, na mpaka waliokuwa mlangoni walimsikia. "Asante kwa kuogopa pamoja na mimi."