Bwana Tranter Hajastaafu

Asubuhi moja ya Februari, mwaka 1972, Ussi Ameir aliteremka kwenye basi pale Great Barr, akavuka barabara na kulifungua geti la hifadhi ya Ashmere. Barafu ilikuwa imeganda kwenye bawaba, ikambidi aipige kwa kisigino cha buti. Akafagia majani njiani, akawasha moto katika kibanda cha zana, akateleka birika. Chai ilipokuwa tayari alimimina vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha Bwana Tranter, ambaye alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya getini na suti yake aliyozikwa nayo.

Bwana Tranter hakuinywa. Alikuwa hanywi kitu tangu Novemba, mwezi aliokufa. Lakini alipenda kukishika kikombe.

"Leo nani?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, haina pumzi nyuma yake.

"Watoto wa skuli kutoka Hodge Hill. Darasa zima."

"Darasa zima," alisema Tranter, akafumba macho.

Huyu Tranter ndiye aliyekuwa mhifadhi wa Ashmere. Kazi yake ilikuwa kuulinda ule msitu mdogo na ziwa lake, na kuwatembeza wageni akiwafundisha miti, ndege na nyayo za wanyama. Ussi, Mmakunduchi aliyetoka Unguja mwaka uliofuata mapinduzi, alifika hapo baadaye akiwa kibarua wa kufyeka na kuzibua mitaro. Tranter alikuwa mjane, hana mtoto, na alikuwa mtu wa kupenda gumzo. Alimchukua Ussi kila alikokwenda, akamfundisha mpaka Ussi akaweza kumjua ndege kwa mlio kabla hajamwona. Kifua cha mzee kilipoanza kumsumbua, Ussi ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni, na Tranter anakaa kwenye benchi. Alipokufa alizikwa kanisani, ukuta mmoja na hifadhi, na Ussi alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Wiki ile ile lilikuja kundi la mabibi wapenda ndege. Ussi alitoka kuwapokea, na Tranter alikuwa amesimama kuliani kwake, mabega yamejaa udongo. Mabibi wale walimwamkia, wakamwambia anaonekana hajambo kuliko siku zile. Mmoja wao alikuwa ameimba mazikoni.

Tokea hapo kazi ikawa inakwenda hivyo. Ussi alisema, na wageni walimtazama Tranter.

Watoto wa Hodge Hill walifika wamevaa makoti ya mvua, na mwalimu wao ni mwanamke mwenye mafua. Ussi aliwapeleka kwenye mwaloni mkubwa, akainama, akaokota kidonge cha kijivu mfano wa kokwa ya embe, akakipasua kiganjani. Ndani mlikuwa na vifupa vyembamba na manyoya.

"Hiki kimetapikwa na bundi," alisema. "Humeza panya mzima. Kisichoyeyuka tumboni hukirudisha."

Watoto walipiga kelele za furaha. Kwao Ussi, mtu akisikia bundi juu ya paa lake hulala na roho mkononi. Hapa watoto waligombania matapishi yake. Alikuwa amekwisha kuzoea. Msichana mmoja aliinua mkono, akamgeukia Tranter, akauliza kama bundi huumia akitapika.

"Haumii," alijibu Ussi. "Ni kama sisi kupiga mbweu."

"Ahsante, Bwana Tranter," alisema msichana.

Tranter alitikisa kichwa. Wakazunguka ziwa, wakamwona korongo wa kijivu amesimama kwa mguu mmoja, wakahadithiwa habari zake. Wakati wa kuondoka mwalimu alimpa Tranter mkono, akamsifu kwamba kila mwaka anazidi kuwa mfundishaji mzuri. Kisha akamkabidhi Ussi mfuko wa takataka za watoto.

Jambo hili lingekuwa dogo lau si ile nyumba ya getini. Ilikuwa ni nyumba ya matofali, vyumba vitatu, meko mawili, na jua likitoka lilikuwa likiingia jikoni. Ilikwenda na cheo: mwenye kuwa mhifadhi ndiye mwenye kukaa. Ussi na mkewe Mwatima na binti yao Shemsa walikuwa wamepanga chumba Winson Green, nyuma ya ukuta wa jela, na ukuta wa chumba chenyewe ulikuwa ukitoka jasho Oktoba mpaka Mei. Shemsa alikuwa na miaka minane na kifua cha mzee. Usiku alikohoa, na mfungwa mmoja upande wa pili wa ukuta alikuwa akimjibu kwa kikohozi chake. Mwatima alikuwa akifua mashuka kwenye dobi la hospitali, shifti ya alfajiri. Daktari alishamwambia kwamba dawa ya mtoto ni nyumba kavu.

Ussi aliomba ile kazi mara tu baada ya mazishi. Kamati ya Ashmere ilimjibu kwa upole kwamba hakuna nafasi.

"Hakuna nafasi vipi, na mtu kafa?" aliuliza Mwatima.

"Kafa, lakini anakuja kazini."

Mwatima alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha.

"Umesema naye?"

"Nitamwambia nini? Mzee wa watu, naye kachoka."

"Basi nitasema naye mimi."

Jumapili alipika mkate wa kumimina kwa unga wa mchele alioupata duka la Mhindi, akaufunga kitambaani, wakapanda basi watatu. Hifadhi Jumapili hufungwa, lakini Tranter alikuwepo. Kuna watu walikuwa wamechungulia getini kumtafuta. Mwatima alimwekea mkate pembeni na kukaa naye pale kizingitini.

"Bwana Tranter, pole," alisema kwa Kiswahili. Ussi alitaka kufasiri, Tranter akamwashiria asijisumbue. Tangu afe, lugha hazikumpa taabu. "Mimi ndiye mke wa Ussi. Yule pale anayekohoa ni mwanangu. Kwetu sisi, maiti tunamkosha, tunamsalia, tunamlaza. Hatumpangii shifti."

Tranter aliuvuta mkate karibu.

"Siji kwa kutaka, mama," alisema. "Naitwa. Nalala vizuri, mara nasikia watu wamesimama getini wananingojea. Kungojewa kule kunanivuta kama mtu anavyovutwa shuka. Nilifanya kazi tokea nina miaka kumi na minne. Nilidhani huku nitapumzika."

"Basi usiitike."

"Nitajaribu," alisema Tranter. Aliazimia kweli, maana siku ile alipokwenda kulala alimwomba Ussi ampigie udongo kwa koleo barabara.

Wageni waliofuata walikuwa chama cha wastaafu, basi zima kutoka mjini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Ussi alisimama mbele yao amevaa koti safi, akawakaribisha, akawaambia yeye ndiye atakayewatembeza. Wakatabasamu. Mwanamume mmoja mwenye mwavuli alimwambia ahsante sana, wao hawana haraka, watangoja.

"Mnamngoja nani?"

"Mhifadhi."

"Ni mimi."

"Ndiyo, ndiyo," alisema yule mtu kwa wema kabisa, na akamsogezea mwavuli asilowe.

Ussi alianza hivyo hivyo. Akawaambia habari za mwaloni, umri wake, na radi iliyoupiga. Alisema vizuri, mwenyewe alijisikia kwamba anasema vizuri. Wale wazee walilitazama geti, wakatazama saa zao, wakapeana peremende. Alieleza mpaka akafika mwisho, akanyamaza, na mvua ikaendelea. Mwishowe bibi mmoja alianza kutetemeka kwa baridi. Hapo majani upande wa kanisa yakachakacha, na Tranter akaja akipepesuka, matope mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja hana.

"Nisameheni kwa kuchelewa," alisema.

Wakampigia makofi. Ussi akaanza tena kwenye mwaloni.

Jioni Tranter alishindwa kumtazama usoni. "Kesho tutakwenda kwa Bi Whitlock," alisema. "Nitaacha kazi. Mtu ana haki ya kuacha kazi."

Bi Whitlock alikuwa katibu wa kamati, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Aliwapokea wote wawili kwa bashasha, akamvutia Tranter kiti karibu na hita, akamtandikia gazeti chini ya miguu kwa sababu ya udongo. Ussi naye alipewa kiti. Chai ilikuja na biskuti.

"Nataka kuacha kazi," alisema Tranter. "Huyu hapa ndiye anayeifanya. Apewe."

"Bwana Tranter, wageni wamekuzoea."

"Mimi nimekufa, Bi Whitlock."

"Tunajua. Nilikuja mazikoni. Yalikuwa mazishi mazuri sana." Alimsogezea sukari. "Lakini kamati haina kanuni juu ya kufa. Kanuni ya kuacha kazi inataka sababu ya kutosha, na wewe hujakosa siku hata moja. Ila kustaafu ni haki yako. Ukifika miaka sitini na tano, hakuna wa kukuzuia."

"Nina sitini na moja."

"Basi imebaki minne tu."

"Bibi," alisema Ussi, "maiti haongezeki umri."

Bi Whitlock alimgeukia. Alikuwa na uso wa mtu mwenye huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. "Hilo nalo ni jambo la kusikitisha," alisema.

Tranter aliomba, kama ni hivyo, Ussi na familia yake wahamie nyumba ya getini, kwani yeye hailalii. Bi Whitlock alifikiri, akasema nyumba ni ya mhifadhi na jamaa zake. Akauliza, kwa nia safi kabisa, kama wao wana udugu. Tranter alisema ndiyo. Bi Whitlock akawatazama mmoja mmoja, akacheka kidogo kama mtu aliyefanyiwa mzaha mzuri, akasimama kuwafungulia mlango.

Kwenye ngazi, Tranter alikaa chini. Watu walipita wakibeba viatu vipya.

"Nikiwa hai ningeweza kukuombea," alisema. "Waliniuliza, mwaka mmoja kabla, nani atanifuata. Niliwaambia bado napima."

 Ussi alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira ilihitaji nguvu asizokuwa nazo. Alimshika mzee mkono, akamwinua, na wakangojea basi pamoja. Kondakta alimtoza Ussi nauli, Tranter akamwachia.

Desemba ile Shemsa alilazwa. Wiki tatu alikaa hospitali ile ile ambayo mama yake alikuwa akifua mashuka yake, na Mwatima alikuwa akiyatambua kwa harufu ya dawa ya kifua iliyokuwa imeganda kwenye foronya. Mtoto alitoka, kifua kikatulia hadi baridi ya mwaka uliofuata. Akawa anaendelea hivyo, akirefuka na kukohoa. Akisemeshwa Kiswahili alijibu Kiingereza, kwa lafudhi ya Winson Green, na Tranter alipomsikia alisema mtoto anasema kama mama yake yeye Tranter.

Ussi alitafuta kazi kwengine. Kiwandani walimwajiri, akakaa kule majira mawili, lakini usingizi wa Tranter uliharibika zaidi kwa sababu sasa alivutwa atoke na hana wa kumsemea. Alisimama mbele ya watoto kinywa wazi, haitoki sauti. Wageni hawakulalamika. Ni Ussi aliyekwenda kumwona siku moja, akamkuta amekaa chini ya mwaloni, shati limemchanika, anajaribu kukipasua kidonge cha bundi kwa vidole visivyokuwa tena na kucha. Ussi alikichukua, akampasulia. Jumatatu akarudi kazini, kibarua kama alivyokuwa. Mwatima hakumsema. Aliichukua ile suti ya maiti, akaifua kwenye dobi, akaitia viraka viwikoni, maana mtu hawezi kusimama mbele za watu kwa matambara.

Mwaka 1977 kamati ilimfanyia Tranter hafla kwa utumishi wake mrefu. Viti vilipangwa kando ya ziwa. Bi Whitlock, ambaye nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, alieleza jinsi watoto wa mji mzima walivyofundishwa na mtu mmoja kuupenda msitu, hasa miaka hii ya karibuni. Tranter aliitwa kutoa shukurani. Alisimama. Ussi, pembeni yake, alisema kwamba hakuna aliyejifunza peke yake na hakuna aliyefundisha peke yake, na kwamba wapo wanaostahiki kushukuriwa ambao hawakutajwa. Watu waliguswa. Wengine walifuta machozi, wakasema unyenyekevu wa Bwana Tranter hauna mfano.

Zawadi ilikuwa saa ya mezani, ya shaba, imechongwa jina la Tranter. Watu walipoondoka Tranter alimtilia Ussi mikononi.

"Chukua. Mimi kule chini sina pa kuiweka."

Ussi alimsindikiza kanisani, akampigia udongo kwa koleo, akaenda kupanda basi na saa imefungwa kwenye koti. Nyumbani aliiweka juu ya meza. Shemsa, binti wa miaka kumi na tatu sasa, alisoma maandishi kwa sauti, Kiingereza, na alipofika kwenye jina akasita, akamtazama baba yake.

"Inasemaje?" aliuliza Mwatima.

"Inasema ahsante," alisema Ussi.

Mwatima aliisogeza karibu na taa. Ilikuwa inakwenda vizuri, mlio wake mdogo, wala haikuwa imechelewa hata kidogo. Akaiweka kichwani pa kitanda, akaitegea kengele ya alfajiri, akazima taa.