Matanga ya Pili ya Fintan

Kuku wetu walikula sandwichi za mayai mpaka wakachoka. Mama alikuwa amesimama uani na viatu vyake vya kanisani, anazichana na kuzitupa matopeni, sahani moja baada ya nyingine, na kuku wakazigombania bila kujali kwamba ni mayai yao wenyewe. Nilitoka kumwambia aingie ndani kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Hakugeuka.

"Mwaka huu watataga vizuri," akasema.

Hilo ndilo neno pekee nililomsikia akisema juu ya mazishi ya mwanawe.

Kaka yangu Fintan aliletwa kutoka London ndani ya jeneza lililopigwa skrubu. Mtu wa majeneza alivaa glavu mpaka kwenye viwiko, akaliweka sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mama alipomwomba alifungue, akasema halifunguliwi, ni amri. "Amri ya nani?" Mama akauliza. Yule bwana akaangalia viatu vyake, akaondoka. Basi Mama akavuta kiti, akaweka mkono juu ya kifuniko, na mimi nikakaa upande wa pili, tukangoja watu waje kutuhani.

Wahenga husema kilio cha wengi ni harusi. Cha watu wawili sijui kinaitwaje.

Na watu walikuja, hilo lazima niliseme. Kijijini kwetu Kilfarna hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuingia kwenye msiba. Watu huegesha magari njia panda, chini ya nyumba yetu, wakakaa humo na nguo zao nyeusi, kila mmoja akimvizia mwenzake. Mlango mmoja ukifunguliwa, yote inafunguliwa. Siku ile nilisimama nyuma ya pazia nikayaona magari yakijipanga mpaka kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa. Katika gari jekundu alikuwamo Philomena Gannon, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikuwa amepakata kitu. Nilimngoja afungue mlango. Wote walikuwa wanangojana, na hakuna aliyefungua. Kisha gari moja likageuza, na la pili, na yale mengine yakafuata. La Philomena liligeuza mwishoni.

Walioingia kwetu ni padre, na mpeleka barua, ambaye alikula sandwichi mbili akasema ni tamu.

Baada ya hapo jina la Fintan likadondoka kutoka midomoni mwa watu, likabaki lilikodondokea. Dukani waliniuliza habari za Mama, za mvua, za ndama. Aliyethubutu kumgusia alisema "ile shida ya kifua," na Mama naye akaitikia, ndiyo, kifua. Philomena aliendelea kunipungia mkono kutoka langoni kwake, nami nikampungia. Miaka mingi tulisalimiana hivyo, kama watu wanaopita kwenye mashua mbili, na kila nilipoingia ndani niliufunga mlango nikajisikia mpweke kuliko kabla hajanisalimu.

Mama alipofariki, parokia nzima ilikuja. Foleni ilifika mpaka langoni. Nilishikwa mkono mpaka kidole cha pete kikavimba, na Philomena aliosha vikombe mpaka jioni. Sandwichi zilikwisha zote. Walimsifu Mama kwa mikate yake, kwa rozari zake, kwa uvumilivu wake. Uvumilivu wa nini, hakuna aliyesema.

Basi ndivyo nilivyokuwa nikiishi, mimi na kuku na redio, wakati Sorcha Devane alipogonga mlango.

Alikuwa binti mrembo mwenye nywele zilizokatwa vibaya, katoka Dublin na gari linalotoa moshi, wenzake wawili na kamera ya kuazima. Anatengeneza filamu, akasema. Wakubwa wa televisheni walikuwa wamemwambia hakuna mtu anayetaka kuona mambo ya filamu ile akiwa na sahani ya chakula mapajani, kwa hiyo anaitengeneza mwenyewe. Anatafuta nyumba yenye jiko la zamani. Nilimwambia aingie kabla hajamaliza.

"Subiri kwanza, dada," akasema. "Ujue inahusu nini. Kijana anarudi kijijini kwao kufa."

"Vijana hufa," nikasema.

"Anakufa kwa UKIMWI."

Neno lile halikuwahi kutamkwa jikoni mwetu. Nadhani nilikuwa nangoja dari ianguke. Birika likaendelea kuchemka. Nikamuuliza kama anaweka sukari.

Sikumwambia habari za Fintan. Alipiga picha jiko, akapiga picha sebule, kisha akaniangalia kwa muda mrefu nikimenya viazi. Akasema anataka mimi niwe dada wa marehemu, yule anayekaa karibu na jeneza.

"Mimi sijui kuigiza."

"Usiigize. Wewe kaa tu."

Alibandika tangazo dukani: wanahitajika watu wa msiba, Jumamosi mchana, nguo nyeusi, chai ipo. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, aliandika pia filamu inahusu ugonjwa gani. Siku mbili tatu watu walilisoma tangazo lile wakijifanya wanachagua sabuni. Mzee Packie Tiernan, mfugaji wa kule kwenye kinamasi, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliniuliza mbele ya watu, "Attracta, hiyo chai ni ya kweli au ya sinema?"

"Ya kweli, mzee."

"Na maiti?"

"Ya sinema."

"Bora iwe hivyo kuliko kinyume chake," akasema, na duka zima likacheka. Mimi nilicheka nao, nikarudi nyumbani nikalia.

Kwa sababu nilijua nataka nini. Nilitaka watu wa Kilfarna waingie mlango ule na kunishika mkono kwa ajili ya kaka yangu. Hata kama ni kwa uongo, hata kama wameitwa kwa chai. Na niliogopa, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, kwamba nitakaa tena kando ya jeneza na ua utakuwa mtupu, na safari hii kamera itakuwa inaangalia.

Sorcha aliniambia sahani mbili za sandwichi zinatosha, ni za kuonekana tu. Nilichemsha mayai yote yaliyokuwamo nyumbani. Nilikata vitunguu, nikajaza meza kama alivyoijaza Mama.

Jumamosi wakaleta jeneza. Ndani walikuwa wameweka gunia la viazi ili wabebaji wasionekane wamebeba upepo. Nikakaa pale pale nilipokaa zamani. Upande wa pili, kiti cha Mama kilikuwa kitupu, na Sorcha alitaka kukiondoa kwa sababu kinaziba picha. Nikamwambia kama kiti kinatoka na mimi natoka. Akakiacha.

Saa ikafika. Hakuna mtu. Sorcha akaenda dirishani.

"Ajabu hii," akasema. "Wamefika, wamejaa njia panda! Mbona wamekaa kwenye magari?"

Sikunyanyuka kuangalia. Nilikuwa nalijua pazia lile. Nikajisemea moyoni, sasa hivi wataanza kugeuza.

Nikasikia trekta.

Trekta la Packie Tiernan halina paa, na mvua ilikuwa inapiga kwelikweli. Mtu hawezi kukaa juu ya trekta la namna ile akimvizia mwenzake, ataloa bure. Alilipita lile kundi lote la magari, akalisimamisha trekta uani katikati ya kuku, akashuka anatukana. Na nyuma yake nikasikia mlango wa gari. Mmoja. Halafu mwingine. Halafu ikawa kama mtu anamwaga mawe.

Packie aliingia kofia mkononi, maji yakimchuruzika shingoni. Kamera ilikuwa inanguruma kwenye kona. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole, Attracta," akasema. "Pole sana kwa Fintan."

"Kata!" Sorcha akapaza sauti. "Samahani, mzee. Jina ni Declan."

"Declan gani?"

"Marehemu."

Packie akaliangalia jeneza, akamwangalia Sorcha. "Bibie, mimi huyo Declan simjui. Sijawahi kumpa mtu pole ya maiti nisiyemjua, na leo si siku ya kuanza."

Walio nyuma yake walicheka, kisha kicheko kikafa ghafla, maana kila mtu alikuwa amelisikia lile jina. Wakawa wanaangalia kofia zao.

"Fintan ni nani?" Sorcha akauliza.

 Mvua ilisikika juu ya paa. Nikaona kwamba wote wananingoja mimi, kama wanavyongojana kwenye magari.

"Kaka yangu," nikasema. "Alilala hapo hapo. Ugonjwa ule ule."

Sorcha alisimama. Alikuwa mwongozaji mzuri, na uzuri wa mwongozaji nadhani ni kujua wakati wa kunyamaza. Akamwinamia mpiga picha akamwambia kitu, kisha akawaambia watu kwa sauti ya chini, "Rudini mlangoni, tafadhali. Semeni mnalotaka kusema."

Wakaja. Mikono iliyokauka kwa saruji, mikono ya baridi iliyotoka mifukoni, mkono wa mwalimu wetu wa zamani uliokuwa mwepesi kama jani. Pole kwa Fintan. Pole kwa Fintan, alinifundisha kuendesha baiskeli. Pole, alikuwa na sauti mbaya kuliko wote kwenye kwaya na alisimama mstari wa mbele. Bibi mmoja alinishika tu mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Packie alikuwa amerudi kwenye foleni ili aanze upya, na alipofika kwangu mara ya pili akaninong'oneza, "Kawia ufike, binti yangu."

"Mama hayupo, mzee," nikamwambia. "Mmefika kwa nani?"

  Packie akalishika jeneza kwa kiganja, akapita kwenda jikoni.

Kisha kamera ikaanza kupigapiga, tap, tap, tap, na mpiga picha akasema mkanda umekwisha, na mwingine hakuna. Sorcha alitikisa kichwa tu. Hakumzuia mtu. Foleni bado ilikuwa imefika langoni, na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Jikoni, bwana wa kurekodi sauti alikuwa anapiga kelele, "Jamani, msile! Hizo ni za picha! Msile!" na Packie anamjibu mdomo umejaa, "Zitakauka, bwana. Ni dhambi."

Wa mwisho alikuwa Philomena. Alikuwa ameshika keki iliyofungwa kwa kitambaa, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, hakuweza kunipa hata mmoja. Alisimama mbele yangu. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi, na mimi niliyemsalimu kila siku nilikuwa sijaona.

"Siku ile nilikuwa kwenye gari," akasema. "Pale njia panda. Nilikuwa nimepakata keki."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia."

Akafumba macho. "Miaka yote hii, Attracta. Unanipungia mkono."

Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini haikuwa kweli, na kumwambia sijamsamehe haikuwa kweli vilevile. Nikaipokea keki. Ilikuwa bado na joto. "Birika liko jikoni," nikamwambia, "na vikombe unajua vinapokaa."

Filamu ilionyeshwa Dublin, kisha ikaja kwenye ukumbi wa parokia, viti vya plastiki na shuka ukutani. Matanga yale hayafiki hata dakika moja. Sorcha aliondoa maneno, akaacha mvua na kelele za viatu, lakini ukiuangalia mdomo wa Packie utaona kwamba hamtaji Declan. Philomena hayumo. Taa zilipowashwa, mama mmoja nisiyemjua, aliyekuja na basi kutoka mbali, alimfuata Sorcha akamwambia maneno mawili tu, "Sisi pia," akatoka nje kabla hajaulizwa jina. Sorcha alilia kwa ajili yake usiku ule kuliko alivyolia kwa ajili ya filamu.

Lakini mimi ninachokikumbuka ni jioni ya Jumamosi ile, walipokwisha kuondoka wote. Jeneza lilichukuliwa. Viazi waliniachia. Nilikaa kwenye kiti cha Mama, mkono wa kulia umevimba kama ulivyovimba alipokufa yeye, na nikauweka mapajani bila kujua niufanyie nini, kwa sababu haikuwa zamu yangu kuvimba mkono. Ilikuwa zamu yake. Ng'ambo ya barabara taa ya Philomena ilikuwa inawaka. Sikwenda, naye hakuja.

Asubuhi kuku walinifuata mpaka mlango wa jikoni, wakanyoosha shingo, wakangoja. Niliwatolea sahani, nikaiinamisha ili waone wenyewe. Haikuwa na hata kipande.