Ugali wa Shantel

Wanaume wa mtaa wa Nyalenda walimcheka Wesonga tangu siku ile alipomfunga binti yake mgongoni kwa leso, kama mama mwenye mtoto mchanga. Mwanamume na leso, wapi na wapi! Wesonga hakuwajali. Shantel alikuwa na miaka kumi na miwili, ugonjwa wa misuli ulikuwa umeshamla nguvu za miguu, na daktari alisema mikono ingefuata. Njia ya shule ilikuwa matope matupu. Kiti cha magurudumu kingekwama mlangoni.

Kilichomuuma ni sahani. Siku hizi Shantel alikula ugali nusu tu, nusu nyingine akamsukumia paka.

"Unaumwa?" akamuuliza jioni moja.

"Hapana, Baba. Nikinenepa utashindwa kunibeba."

Wesonga aliivuta leso. Alimfunga mgongoni, akachukua mitungi miwili, akaenda naye bombani, ambako wale wale wenye kucheka walikuwa kwenye foleni. Zamu yake ilipofika aliijaza yote miwili pomoni, akaikamata, mmoja kila mkono, akapita katikati yao. Alipanda njia ya matope hadi nyumbani, mishipa ya shingo imemtoka, jasho likimwingia machoni. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni akaitua. Akamshusha na Shantel, akamketisha mbele ya sahani yake.

"Hiyo mitungi miwili ndiyo nafasi yako ya kunenepa," alisema. "Sasa mfukuze huyo paka."